Koti la Marehemu Gazetini

Mwanamke niliyekuwa nimuoe alichorwa gazetini akinusa koti la marehemu mumewe, na kisa kile nilikipeleka mimi. Hakuna aliyeniibia siri, wala hakuna aliyenilewesha. Nilikaa kwenye kiti ninachonyolea wateja, nikaandika kwa mkono wangu, nikabandika stempu, na chini nikaweka jina langu la mtaani: Kinyozi wa Kona. Zilikuwa zimebaki siku ishirini tufunge ndoa.

Ngoja nieleze ile katuni, maana bila kuijua utaniona mwendawazimu tu, na mimi nilikuwa kitu kibaya zaidi ya hicho.

Iliitwa Wapangaji Sita. Vyumba sita, ua mmoja, bomba moja la maji. Ilitoka kila Jumamosi, ukurasa wa mwisho, picha nne. Mimi niliacha shule darasa la tano, na kusoma hasa nilijifunza pale, kwenye vile viputo vinavyotoka midomoni mwa watu waliochorwa. Mchoraji wake alikuwa mzee mmoja ambaye wasomaji tulimwita Mzee Wino. Visa havikuwa vyake, vilikuwa vyetu. Unaandika jambo ulilolishuhudia, unalipeleka, na yeye akilipenda anamgawia mpangaji mmoja. Halipwi mtu. Malipo ni mstari mdogo chini ya picha ya mwisho: "Kisa kimeletwa na", halafu jina lako. Visa vyangu viwili vilitoka. Nilivikata, nikavibandika juu ya kioo cha duka, na mteja akikaa nasubiri avione mwenyewe. Asipoviona, namgeuza shingo.

Ile ninayoipenda kuliko zote haikuwa yangu, na haina neno hata moja. Mpangaji wa chumba cha nne amefiwa na mke. Picha ya kwanza, yuko kwenye foleni ya bomba na ndoo mbili, kama alivyozoea. Ya pili, amezijaza zote. Ya tatu, amesimama nazo mlangoni, ndipo anatambua kwamba moja haina mwenyewe. Ya nne, jirani yake mgomvi, yule waliyegombania naye bomba miaka yote, amekuja akaibeba ile ndoo kama aliyetumwa. Basi. Mfiwa kachorwa kwa nyuma. Mzee Wino hakuwahi kuuchora uso wa mtu anayelia.

Kisha macho yake yakafa, akapewa kazi mwingine. Jina la katuni likabaki, vyumba vikabaki, watu wakaharibika. Wanawake wote waliota makalio kama magunia ya mkaa. Wanaume wakawa wanatoka udenda. Kila aliyekula alijamba, na ushuzi ulichorwa kwa wingu la kijani, maana gazeti siku hizo lilikuwa limeanza kutia rangi. Jumamosi baada ya Jumamosi nililikunja kama mtu anayefunika mchuzi uliochacha. Jumamosi inayofuata nilinunua tena. Ukipenda boga upende na ua lake. Mimi boga lilikuwa limeoza na bado nilikuwa nalilipia.

Huyo ndiye mimi. Yeye alikuwa dobi.

Duka lake na langu yalitenganishwa na duka la vioo tu. Alikuwa mjane wa miaka mitano, akiishi katika nyumba ya marehemu pamoja na mama mkwe wake na shemeji yake. Kwa miaka miwili nilimpelekea mashuka ya kunyolea ambayo hayajachafuka.

"Fundi," aliniambia siku moja, akinitazama juu ya mvuke wa pasi, "shuka hili nimelifua juzi. Wewe unanyoa watu au unalala nalo?"

"Nalala nalo."

"Basi linunulie mto, lisipate taabu peke yake."

Alisema bila kucheka, kisha akaligeuza shuka upande wa pili na kulipiga pasi taratibu kuliko lilivyohitaji. Nilijua pale kwamba nimekwisha. Ana macho ambayo hayakimbii. Akikutazama, unakagua vifungo vyako kama vimefungwa.

Mama mkwe alitupinga mwaka mzima. Hakuwa mtu mbaya. Alisema mkwe wake akiondoka, mwanawe atakuwa amekufa mara ya pili. Shemeji mtu alipinga kwa sababu nyingine, alisema kinyozi ni mtu wa kushika vichwa vya watu, hana lake. Mwishowe mama akachoka, akasema, "Nendeni. Ila mwanangu msimzungumzie vibaya." Ahadi hiyo niliitoa mimi, kwa mdomo huu.

Wiki tatu kabla ya ndoa, mchana, dobi wangu aliniita nyuma ya duka lake, kwenye chumba cha kuanikia. Chini ya rundo la mablanketi akatoa mfuko wa nguo, akafungua zipu kidogo, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Ndani kulikuwa na koti la kijivu, limechakaa kwenye viwiko.

"Ni lake," alisema. "Nafua makoti ya mji mzima. Hili sijalitia maji miaka mitano."

"Kwa nini?"

"Likiguswa na sabuni, ameondoka."

Sikujua niweke wapi mikono yangu. Akalisogeza karibu na uso wake, mara moja, fupi, akafunga zipu.

"Shemeji aliliomba baada ya maziko. Nikamwambia lilipotelea hospitali. Mama naye anajua hivyo hivyo. Kila kitu chake kiligawanywa, fundi, mpaka wembe wake. Nilitaka kimoja kisichogawanywa."

"Mbona unaniambia mimi?"

"Kwa sababu nikija kwako nitalifua. Siku moja kabla, kwa mkono wangu, nilianike, halafu nimpe mama. Nilitaka mtu mmoja tu ajue kwamba lilikuwa halijafuliwa."

Nikamshika mkono. Ulikuwa na joto la pasi. Sijawahi kupewa kitu kikubwa kama kile, na sijui hata sasa mwanamume mwenye akili alitakiwa kufanya nini zaidi ya kunyamaza.

Mimi kesho yake niliandika barua gazetini.

Nilijua mchoraji amebadilika. Ndiyo sababu niliandika. Nilijiambia, huyu kijana anachora uchafu kwa sababu wanampelekea uchafu. Apate kisa kimoja safi, kama kile cha ndoo mbili, naye ataona haya, atamchora mjane kwa nyuma, na katuni yangu itapona. Niliandika "dobi mmoja mjane wa mtaa wetu". Niliandika mpaka yale maneno ya sabuni. Nilipomaliza nilijisomea kwa sauti na macho yakanilowa, mpumbavu mimi, nikaona nimeandika vizuri kuliko mara zote.

Jumamosi asubuhi nilikuwa na fundi bomba kitini, nimeshamnyoa upande mmoja. Gazeti alikuja nalo yeye. Akalifungua ukurasa wa mwisho, akaanza kutikisika mabega.

"Tulia nisikukate," nikamwambia.

"Kinyozi wa Kona siyo wewe?"

Mkono wangu ukasimama.

"Ni wewe. Mjanja sana wewe. Kumbe ndiyo maana mashati yangu yanarudi yamekunjamana kwapani."

Nikamnyang'anya gazeti. Picha ya kwanza, dobi ameziba mlango mzima kwa makalio. Ya pili, anatoa koti lenye mainzi na wingu la kijani. Ya tatu, ametumbukiza pua kwapani mwa koti, macho yamepinduka, ulimi nje. Ya nne, mchumba mpya anachungulia dirishani, udenda unamtiririka mpaka kifuani. Na chini, kwa herufi nadhifu, jina langu.

Nimeona damu, nimeona vidonda vya kichwa vyenye funza, sijawahi kutapika kazini. Siku ile nilikwenda kwenye karai la maji ya sabuni, nikainama.

"Shemeji mtu atacheka sana," fundi bomba alisema nyuma yangu, bado anajifuta machozi. "Yule dobi naye, kumbe."

"Toka."

"Nimenyolewa nusu."

"Toka na nusu yako."

Duka la dobi lilikuwa limefungwa, saa nne asubuhi, Jumamosi, siku yenye nguo nyingi kuliko zote. Nikaenda nyumbani kwao. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mikono magotini. Shemeji mtu alikuwa amesimama, gazeti liko mezani mbele yake limenyooshwa vizuri. Dobi wangu aliegemea ukuta wa jikoni. Mikono yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko, na hakunitazama.

"Karibu, Kinyozi wa Kona," shemeji mtu akasema. "Tumekusoma."

"Mama, shikamoo," nikasema.

"Marahaba, baba. Kaa."

Nikakaa. Hakuna aliyenipa maji.

"Macho yangu hayaoni maandishi madogo," mama akasema. "Huyu mwanangu kanisomea, lakini yeye hakupendi, huenda kaongeza. Nisomee wewe."

"Mama, hiyo si kama nilivyoandika mimi. Mimi niliandika vizuri. Mchoraji ndiye..."

"Sikukuuliza. Nisomee."

"Mama, naona haya."

"Haya," shemeji mtu akarudia. "Leo anaijua."

"Wewe nyamaza," mama akamwambia. Kisha akanigeukia. "Soma, baba. Watu wote wamesoma. Nibaki mimi tu?"

Nikalichukua gazeti. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa darasa la tano aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Picha ya kwanza. Dobi anasema, 'Leo wateja hakuna, ngoja nijipe raha.'"

"Ehe."

"Picha ya pili. Anasema, 'Njoo, kipenzi changu cha miaka mitano bila maji.'"

"Ehe."

"Mama, tafadhali."

"Ya tatu inasemaje?"

"Inasema..." Nikalisogeza gazeti karibu. "'Mmm. Kwapa la mume halisahauliki.'"

Mama alifumba macho. Jikoni niliona dobi wangu akijifuta mikono kwenye gauni, akijifuta na kujifuta, na haikuwa ikikauka.

"Na ya mwisho."

"Ya mwisho ni mimi. Nasema, 'Na mimi nisioge wiki nzima, nipendwe?'"

"Kisha?"

"Kisha jina langu."

"Lisome."

"Kinyozi wa Kona."

Nyumba ya pili kuna mtu alikuwa anatwanga kitu, nikamchukia mtu huyo kwa jinsi alivyokuwa na amani.

"Mwanangu alioga asubuhi na jioni," mama akasema. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana lilinichoma. Kisha akageuka upande wa jikoni. "Mwanangu. Koti lipo?"

Mkwewe akaacha kujifuta. "Lipo, mama."

"Ulisema lilipotelea hospitali."

"Niliongopa."

"Mimi nilikwenda hospitali kulitafuta. Mara mbili. Nilibishana na mtu wa stoo mpaka akanitoa nje." Akaigeuza mikono yake magotini. "Ungeniambia. Nisingekunyang'anya. Ningekuwa nakuja kulinusa kidogo, narudi zangu kitini."

Shemeji mtu, yule mwenye maneno, aliangalia chini.

"Niletee," mama akasema. "Liko wapi?"

"Kambani, mama."

"Kambani kwa nini?"

Dobi wangu akajibu huku anautazama ukuta. "Mteja wa kwanza leo aliniuliza kama nguo zake nazo nazinusa. Wa pili akacheka, akamwita mwenzake aje aone. Wa tatu akachukua mashuka yake yakiwa bado na maji, akasema atafua mkewe. Nikaenda nyuma kulitazama lile koti. Mama, nilitaka kulishika, nikaona mainzi. Yale ya gazetini. Nikaona wingu. Nikachefuka na kitu changu mwenyewe. Nikalitia majini, nikalisugua kwa brashi, nikalirudia mara tatu, nikaja nalo nikalianika hapa."

Mama aliinuka. Aliinuka peke yake, bila mkono wa mtu, akapita jikoni, akatoka uani. Tulimwona kupitia mlango wa nyuma. Koti lilikuwa linachuruzika maji. Alilishika kwa mikono miwili akaliweka usoni. Alikaa hivyo muda mrefu, akahamia kola, akahamia mkono wa kushoto, akahamia bitana, kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani.

Kisha akaliachia.

"Sabuni," alisema.

Alirudi ndani na uso umelowa maji ya koti, akapita mbele yangu bila kunigusa, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Shemeji mtu alichukua kofia.

"Mimi nilisema mtu huyu anashika vichwa vya watu," alisema, lakini hata yeye hakuwa na raha ya kulisema. Akatoka.

Tukabaki wawili. Nilisimama, nikakaribia mlango wa jikoni. Aliinua mkono kunizuia, mkono ule ule nilioushika wiki mbili kabla. Sasa ulikuwa baridi, umekunjamana kwa maji.

"Usinikaribie sana, nitatapika."

"Hata mimi nimetapika."

"Hongera."

"Dobi wangu..."

"Swali moja tu, fundi. Ulitaka nini? Nimelifikiria asubuhi nzima, hata unipige leo, sijaelewa. Ulikuwa na hasira na mimi?"

"Hapana. Nilikupenda mpaka nikashindwa kukaa nalo peke yangu."

"Ungemwambia Mungu."

"Katuni ilikuwa imeharibika," nikasema. Nikijisikia ninavyosema nilitamani ardhi inimeze. "Mzee Wino alikuwa akichora mambo kama yako kwa heshima. Huyu mpya hajui. Nikadhani akipata kisa kizuri, atarudi kwenye mstari."

Alinitazama. Mara ya kwanza siku ile. Macho yale yasiyokimbia.

"Ulikuwa unatibu katuni."

"Ndiyo."

"Kwa dawa yangu."

Nikakagua vifungo vya shati langu.

"Mchoraji simlaumu," akasema. "Hanijui. Kwake mimi ni makalio na pua. Wewe ulikuwepo chumbani. Wewe uliniona ninavyolishika."

"Nitaandika barua waombe radhi."

"Usiandike kitu. Fundi, nakuomba, mkono huo usiandike tena kitu chochote."

"Na ndoa?"

Alikwenda mlangoni akaegemea, akiangalia uani. Nilisubiri hapana. Nilikuwa nimeshajiandaa, na nadhani hapana ingenifaa, ningelia mwaka mmoja nikapona.

"Ndoa ipo," alisema. "Nimesema ndiyo mbele ya watu, na hapa sina tena pa kukaa, umeona mwenyewe ule mlango ulivyofungwa. Na bado nakupenda, ndiyo kinachonichefua zaidi. Nitakuja. Nitapika, nitafua, nitalala ubavuni kwako, ukiugua nitakuuguza. Sitakununia, mimi si mtu wa kununa. Lakini jambo la ndani hutalisikia tena kutoka kwangu. Hata dogo. Hata nikiota."

"Hasira zitaisha."

"Sina hasira. Hasira ina msamaha. Hiki ni kichefuchefu, kikiisha kimeisha chenyewe, kisipoisha hakiombwi." Akachukua ndoo tupu iliyokuwa sakafuni, akaitundika mahali pake. "Nenda ukafungue duka. Utapoteza wateja."

Tulifunga ndoa siku ile ile iliyopangwa. Tulitandaza viti themanini, vikakaliwa kumi na tisa. Mama hakuja, na kwangu hakukanyaga. Alifariki mwaka wa tatu, na mke wangu aliambiwa na muuza mboga, siku mbili baada ya maziko. Duka la dobi lilidumu miezi minne tangu Jumamosi ile, kisha likafungwa. Siku hizi anafua katika hospitali, mashuka mia mbili kwa siku, yasiyo na mwenyewe.

Tuna miaka saba. Tuna watoto wawili. Alipokuwa na mimba ya kwanza aliyeniambia alikuwa nesi. Alipoipoteza ya pili, kabla ya huyu mdogo, aliingia bafuni, akatoka, akauliza kama nimeshakula. Tunazungumza vizuri. Bei ya unga, paa linalovuja, mtoto kakataa shule. Anacheka nikisema jambo la kuchekesha, na mikono yake bado ina joto. Siku elfu mbili na mia tano na zaidi nimelala karibu na mwanamke huyu. Ya moyoni kaniambia sufuri.